Sauti Iliyomtoroka Bi Laini

Kwa miaka ishirini na tisa Bi Laini alifanya kazi chini ya ngazi.

Chumba chake pale hospitali kilibanwa mahali ngazi za kwenda ghorofani zinapoanzia, na dari yake ilikaa mshazari, hivi kwamba mtu mrefu akiingia kumjulia hali ilibidi azungumze ameinama kama anayeomba radhi. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kiti cha kuzunguka, feni ndogo, kopo la peremende za koo, na swichibodi, yaani lile boksi la vitaa na vitufe ambalo kila simu iliyoingia hospitali ilipitia kabla ya kufika inakokwenda. Siku nzima watu walimwomba laini. “Naomba laini ya maabara.” “Nipe laini ya wodi ya wazazi, mama, haraka.” Na kwa kuwa sauti yake nayo ilikuwa laini, ya kumtuliza mtu hata kabla hajaambiwa lolote, jina likamganda. Lile la kwenye cheti cha kuzaliwa likabaki kwa ajili ya mshahara tu.

Hospitali aliijua kwa masikio. Wodi ya watoto kwake ilikuwa kitaa cha tatu kutoka kushoto. Chumba cha upasuaji kilikuwa mlio mfupi, mkali. Aliweza kujua kwa pumzi ya mtu tu, kabla hajasema neno, kama anapiga kuuliza saa za kuona wagonjwa au kama kuna jambo zito. Manesi aliozungumza nao kila siku hakuwajua kwa sura, na akikutana nao getini walipishana kama wageni. Ndani ya wodi zenyewe aliingia mara moja tu, kujifungua, na siku hiyo hakuwa na nafasi ya kutazama huku na huku.

Alipostaafu alihamia chumba cha juu katika nyumba ya wapangaji wengi, yenye ua wa saruji na bomba moja la wote. Mazoea yakahamia naye. Kila alipotuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, ulimi wake ulianza wenyewe: “Hospitali hapa, nikusaidie?” Ndipo angecheka, ajisahihishe, aendelee. Familia nzima ilingoja hicho kipande. Wajukuu walikiiga. Hakuna aliyedhani kina madhara yoyote.

Siku moja asubuhi mdogo wake, aliyekaa ng’ambo ya mji, alimwandikia kwamba mumewe, yaani shemeji yake Bi Laini, anaharisha tangu jana, afanyeje? Bi Laini alikuwa anakuna nazi. Alijifuta mikono, akabonyeza simu, akasema kama alivyoambiwa na mama yake, naye na mama yake:

“Hospitali hapa, nikusaidie? Sikiliza, mdogo wangu. Usimpe maji. Tumbo linataka kupumzika. Kila funda utakalompa linatoka vile vile, na linatoka na nguvu zake. Mpe mkate mkavu, alale, akae bila kunywa mpaka kesho. Kiu haiui mtu mzima kwa siku moja. Tumeyaona mengi.”

Akarudi kwenye nazi yake. Sekunde ishirini na sita, basi.

Shemeji alikuwa amekula nyama iliyolala. Kesho yake akapona, na angepona hata kama angeimbiwa nyimbo tu. Lakini mdogo wake Bi Laini, kwa furaha yake, aliupeleka ule ujumbe kwa wifi zake, na juu yake akaandika: “Ushauri kutoka hospitali. Umemponya mume wangu.” Siku mbili baadaye redio ikatangaza kwamba kipindupindu kimeingia mjini.

Mara ya kwanza Bi Laini kusikia sauti yake nje ya nyumba ilikuwa kwenye foleni ya bomba. Mwanamke asiyemjua, mwenye ndoo ya bluu, alikuwa ameshika simu juu ili wenzake wasikie, na kutoka katika simu ile ikatoka: “Hospitali hapa, nikusaidie? Sikiliza, mdogo wangu…” Wanawake walikuwa wametulia kimya. Mmoja alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Kusema kweli, na baadaye mwenyewe hakulificha hilo, moyo wake uliruka kwa furaha. Miaka yote ile alikuwa amewaunganisha watu na watu wengine. Hakuna aliyewahi kumsikiliza yeye. Sasa dunia ilikuwa imesimama kumsikiliza. Alipanda ngazi za kwake bila kushika ukuta.

Jioni akaisikia kwa kinyozi. Kesho yake akaisikia dirishani kwenye duka la dawa, na muuza duka akimwambia mteja, “Huyu ni daktari bingwa.” Halafu binti yake, mwalimu katika mji ulio mbali mwendo wa siku nzima kwa basi, akampigia akicheka: “Mama, umeletwa kwenye kundi la walimu. Wanasema wewe ni profesa.” Bi Laini alikaa kitandani na simu mapajani, akaitazama kama mtu anayetazama mnyama aliyemfuga mwenyewe na ghafla hamjui. Sauti ile ilitoka kooni mwake, akiwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi. Nani aliibeba? Ilipita njia zipi? Imekwishafika kwa watu wangapi, na inasema nini huko sasa hivi, wakati yeye amekaa kimya hapa? Ilikuwa haijawa hofu bado. Alistaajabu tu, kama mtu aliyefungua dirisha akidhani ataona ukuta wa jirani, akaona bahari.

Hofu ilikuja siku ya tano, asubuhi, kutoka chini.

Chini, mlango wa pili, alikaa fundi viatu na mkewe. Bi Laini alikuwa anateremka na ndoo alipoona mlango wao uko wazi na harufu si ya kawaida. Fundi alikuwa mtu wa kifua kipana, aliyekuwa akigonga misumari tangu alfajiri mpaka watu wakamnung’unikia. Sasa alikuwa amelala kwenye mkeka na Bi Laini hakumtambua. Macho yalikuwa yamezama ndani kabisa ya kichwa. Ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyeshinda akifua. Alikuwa anasogeza midomo bila kutoa sauti.

“Tangu lini?” aliuliza Bi Laini.

“Tangu jana mchana,” alisema mke wa fundi. “Kiu inamtesa, Bi Laini. Ameomba maji usiku kucha, nimemkatalia. Nimeficha hata birika.”

“Umemkatalia? Kwa nini?”

Mwanamke yule akamtazama kwa mshangao. “Si wewe uliyesema? Niliijua sauti yako mara moja. Wengine walibisha, wakasema mambo ya kwenye simu ni uongo. Nikawaambia, huyu ni Bi Laini wetu wa hapa juu, amefanya kazi hospitali maisha yake yote. Ndiyo maana nikaamini.”

Bi Laini alitoka mbio uani, akamwita mwenye mkokoteni wa mchanga aliyekuwa akipita, na wanawake wale wawili na mwenye mkokoteni wakambeba fundi viatu, ambaye alikuwa mwepesi kwa namna ya kutisha, wakamlaza juu ya magunia.

Kwenye uwanja wa mpira wa jirani na hospitali yalikuwa yamesimikwa mahema meupe. Mlangoni walinyunyiziwa dawa ya klorini miguuni, wakaoshwa mikono, wakaingizwa. Na hapo ndipo Bi Laini, baada ya miaka ishirini na tisa, alipoiona hospitali kwa macho.

Vitanda vilikuwa vya turubai, kila kimoja na tundu katikati, na chini ya kila tundu ndoo. Watu walikuwa wamelala juu yake kama nguo zilizotupwa. Kati yao alipita mwanamke mfupi mwenye mabuti, glavu na barakoa, akitoa amri kwa sauti ya mkwaruzo kidogo, na Bi Laini akashtuka. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Sista wa kitaa cha tatu kutoka kushoto.

“Nani amemnyima huyu maji?” aliuliza Sista, akimfinya fundi ngozi ya tumbo. Ngozi ilisimama vile vile kama hema dogo, haikurudi. “Dripu mbili. Mikono yote miwili. Haraka! Leo ni wa nne huyu. Wote wananiambia hospitali imesema.”

Walimtundikia maji pande zote mbili. Bi Laini na mke wa fundi waliambiwa wakae kwenye benchi la mbao karibu na kitanda, wasiguse kitu. Wakakaa.

Alichokiona katika saa nne zilizofuata, Bi Laini anakisimulia mpaka leo, na kila anapokisimulia hushusha sauti. Hakukuwa na kisu. Hakukuwa na mashine. Palikuwa na maji tu, yenye chumvi kidogo, yakidondoka kupitia mrija mwembamba kuliko utambi wa taa. Kwanza hapakutokea kitu. Kisha rangi ya midomo ya fundi ikaanza kubadilika, polepole, kama karatasi inayonyonya wino. Mishipa ya mkono, iliyokuwa imepotea hata nesi akaitafuta kwa tabu, ikainuka. Macho yakapanda kutoka shimoni. Kwenye saa ya tatu akafumbua jicho moja, akatazama hema, akauliza kwa hasira kabisa, “Viatu vyangu viko wapi?” Kwa maana walimleta pekupeku. Mkewe alianguka magotini, akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Nesi mmoja akapita na kikombe cha plastiki, akasema, “Haya, baba, kunywa. Kidogo kidogo. Ukimaliza tunakuletea kingine.”

Bi Laini alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameona mtu aliyekwishaondoka akirudishwa kwa maji, yale yale aliyowaambia watu wamnyime.

Akainuka, akamfuata Sista hadi kwenye meza ya madaftari.

“Sista,” alisema, “ile sauti ya kwenye simu ni yangu.”

Sista alisimama. Hakuwa ameisikia bado sauti ya huyu mwanamke aliyevaa kanga iliyolowa klorini. Alikuwa amemwona tu. Akageuka taratibu.

“Sema tena.”

“Ni mimi niliyesema wasipewe maji. Nilikuwa namwambia mdogo wangu.”

“Bi Laini?” Sista akavuta barakoa chini, ingawa haikuruhusiwa. “Bi Laini wa swichibodi? Miaka yote ile ndiyo uko hivi?”

Wakatazamana. Walikuwa wamezungumza mara elfu kadhaa, na hii ilikuwa mara ya kwanza mmoja kuiona pua ya mwenzake.

“Nilikuwa namtafuta huyo mama,” alisema Sista hatimaye. “Niliapa nikimpata nitamtia kichwa kwenye ndoo.”

“Nitie.”

“Sina muda.” Sista akarudisha barakoa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. “Ukitaka kuuliza ni wangapi, usiniulize. Sijui. Wengine wamekufa nyumbani, hawakufika hapa. Wewe pia hutajua, na itabidi uishi bila kujua. Sasa, unaona ile nyumba? Simu ya hospitali inalia tangu Jumatatu. Kijana wa mapokezi nimemhamishia huku kubeba ndoo. Watu wanapiga kuuliza ni kweli au si kweli, na hakuna wa kuwajibu. Ufunguo uko kwa mlinzi.”

Kabla ya kwenda, Bi Laini alirekodi ujumbe mwingine pale pale nje ya hema. Alieleza kila kitu, kwa utaratibu, kwa dakika tatu na nusu, akaomba msamaha, akatuma kwenye kundi la familia na kusihi usambazwe. Binamu mmoja alimrudishia alama ya kidole gumba. Mdogo wake akaandika: “Dada, lakini shemeji yako alipona.” Ujumbe ukalala hapo. Ule wa kwanza ulikuwa umevuka mito bila kusukumwa na mtu. Huu hakuweza kuutoa hata nje ya ukoo wake.

Basi akaenda chini ya ngazi.

Swichibodi ilikuwa imeondolewa, na mahali pake palikuwa na simu moja nyeusi ya mezani. Ilikuwa inalia alipofungua mlango. Akaipokea, na kwa wiki tano hakuiacha ila kulala. Kila aliyepiga alisema lile lile: tumesikia mama wa hospitali amekataza maji. Na kila mara Bi Laini alijibu, “Mama huyo ni mimi. Nilikosea. Mpe maji, na nitakwambia uyachanganyeje.”

Majibu yalikuwa ya namna nyingi. Wengine walimtukana, akawaacha wamalize. Wengine walilia. Mzee mmoja alibisha kabisa: “Wewe si yeye. Yule sauti yake ni ya mtu msomi.” Wengi walimtaka aseme yale maneno ya mwanzo, “Hospitali hapa, nikusaidie?”, ili wamthibitishe, naye akayasema. Na alikuwepo jamaa mmoja, mwenye sauti ya kunong’ona, aliyemwambia, “Mama, tunajua wamekushika. Kama wamekulazimisha kusema hivi, kohoa mara mbili.”

“Hakuna aliyenilazimisha, baba,” alisema Bi Laini. Lakini alikuwa anaongea tangu saa kumi na mbili, na peremende zilikuwa zimekwisha. Koo likamwasha. Akajizuia, akajizuia, akakohoa. Mara tatu.

“Nimekuelewa,” alinong’ona yule jamaa kwa huzuni. “Mungu akulinde.” Akakata.

Kufikia alasiri ya siku ile ujumbe mpya ulikuwa umeshapita nusu ya mji: mama wa hospitali amefungiwa chumba kisicho na dirisha. Sista aliposimuliwa alicheka mpaka akaketi chini, halafu akalia kidogo, halafu akarudi kazini.

Kipindupindu kilikaa wiki saba. Fundi viatu alirudi kugonga misumari alfajiri, na safari hii hakuna aliyemnung’unikia. Mkewe alikaa muda mrefu bila kumsemesha Bi Laini, kisha siku moja akampelekea sahani ya maandazi, akaiweka mlangoni, akashuka. Uwanja wa mpira ulibaki na mabaka ya manjano mahali mahema yaliposimama. Ujumbe wa sekunde ishirini na sita haukufa. Miaka miwili baadaye binti yake aliusikia tena, katika mji mwingine, katika msimu mwingine wa kuharisha, na safari hii sauti ilisemekana ni ya marehemu. Bi Laini alipoambiwa alitikisa kichwa tu. Hospitali ilimwomba aendelee na simu, akaendelea.

Lakini ukimwomba akusimulie moja tu kati ya hayo yote, atakusimulia simu ya mwanamke mmoja kijana.

Ilikuwa wiki ya pili, saa nne asubuhi. Mwanamke alipiga kutoka mbali, mahali ambapo gari la kwanza lilikuwa halifiki mpaka saa nane mchana. Mumewe alikuwa anaharisha tangu alfajiri na alikuwa ameanza kulegea. Nyumbani walikuwa wao wawili tu.

“Nilisikia asinywe,” alisema.

“Ni mimi niliyesema. Nilikosea, mwanangu. Una maji yaliyochemshwa?”

“Yapo kwenye chupa ya chai.”

“Weka lita moja kwenye jagi. Sukari, vijiko sita vya chai, vifute juu kwa kisu, visiwe na kilima. Chumvi, nusu ya kijiko hicho hicho. Koroga. Sasa onja. Isizidi chumvi ya machozi.”

Akakoroga, akaonja. “Iko kama machozi.”

“Mpe kijiko kimoja. Ngoja kidogo. Mpe kingine. Akitapika usiogope, ngoja dakika kumi, uanze tena. Gari likifika mlete hata akikwambia amepona. Na simu usikate.”

Yule mwanamke aliiweka simu mezani. Bi Laini akabonyeza kipokezi sikioni, akafumba macho, kama alivyofanya miaka yote. Alisikia kijiko kikigonga ukingo wa kikombe. Alisikia mtu akimeza, kwa shida. Kijiko tena. Alisikia kutapika, na mwanamke akisema “pole, pole,” na kimya kirefu ambacho yeye mwenyewe alikihesabu kwa vidole, halafu kijiko kikianza upya. Na sasa aliweza kuona alichokuwa anakisikia. Aliijua ile rangi ya midomo. Alijua kwamba ndani ya mtu yule, umbali wa milima na mito, mahali asipopajua, maji yalikuwa yanapita yakirudisha kila kitu mahali pake, na kwamba yeye, mwanamke mzee chini ya ngazi, alikuwa amekaa hapo sikio kwa sikio na jambo hilo.

Sista alikuwa amekuja kuchukua faili. Alisimama mlangoni.

Saa nzima ikapita, na robo. Ndipo ikasikika sauti ya mwanamume, dhaifu lakini ya kulalamika waziwazi: “Kwani huna hata chai? Hiki kitu kina chumvi.” Na mwanamke akicheka, kicheko cha kukatika katika, akasahau kabisa kwamba kuna simu mezani. Kiti kikaburutwa. Kijiko kikaendelea.

“Bi Laini,” alisema Sista taratibu, “wengine wanangoja laini.”

Bi Laini aliinua kidole kimoja, kumwomba kidogo tu, akaendelea kusikiliza.